Nilisaini mahudhurio, kumbe nimepitisha mchango: uzi kwa wazazi mliomo kwenye kamati za shule za msingi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitauweka vipande vipande kwa sababu naandika usiku nikishafunga cherehani. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la tatu na mwingine la sita, shule ya msingi ya serikali huku mkoa wa Morogoro. Shule siitaji, wala watu wake. Tunaishi nao na watoto wetu bado wanasoma pale.

Nimeona nyuzi nyingi humu za kulalamikia michango, na karibu kila uzi kuna mtu anaandika "kamati imepitisha". Mimi ni kamati. Nataka niwaeleze hiyo "kamati imepitisha" inavyotokea, maana ilinitokea mikononi mwangu.

Nilichaguliwa kwenye mkutano mkuu wa wazazi. Mwenyekiti wa kijiji alisema wanatakiwa akina mama wawili, kila mtu akatazama chini. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Huyo fundi cherehani anajua hesabu, chenji yangu hajawahi kuikosea." Mikono ikanyooshwa, nikawa mjumbe. Hakuna aliyeniambia mjumbe anafanya nini, na mimi sikuuliza.

Kikao cha kwanza kilikuwa saa nne asubuhi. Darasa la pili walitolewa nje wakakaa chini ya mwembe ili sisi tupate pa kukaa. Kabla hata ya sala ya kufungua kikao, ikapita karatasi: jina, namba ya simu, sahihi. Nikasaini kama wenzangu. Mwalimu mkuu akasoma ajenda. Kwenye mengineyo akaeleza kwamba shule haina mlinzi, nondo za madirisha mawili zimeshang'olewa na wezi. Tukasema kweli hilo ni tatizo, itafutwe njia. Mimi hata mdomo sikufungua. Zikaletwa soda, tukanywa, tukaagana.

Wiki tatu baadaye wanangu wakarudi kila mmoja na kikaratasi: "Kamati ya shule imepitisha mchango wa mlinzi, Sh 5,000 kwa kila mwanafunzi."

Jioni ile akaja jirani yangu, bibi anayelea wajukuu wanne wa marehemu mwanawe. Nilikuwa nakata kitambaa cha sare. Akaviweka vile vikaratasi vinne juu ya kitambaa, kimoja kimoja, akavinyoosha kwa kiganja. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, mlivyokaa pale, na mimi mlinihesabu?"

Shilingi elfu ishirini. Yule bibi anauza mchicha.

Kesho yake nikaenda shule kuomba kuona muhtasari. Kaunta buku lipo, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Wajumbe kwa kauli moja walipitisha mchango." Na nyuma yake imebanwa kwa pini ile karatasi ya mahudhurio. Sahihi yangu ni ya nne kutoka juu, kalamu ya bluu.

Naishia hapa kwa leo. Kesho nitaendelea na yale niliyopaswa kuyajua kabla sijashika kalamu.

---

SEHEMU YA PILI

Asanteni kwa michango yenu. Naendelea.

Kamati ya shule si hisani ya mwalimu mkuu wala ya mtendaji. Imewekwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353. Mwalimu mkuu kwenye kamati ni katibu. Mwenyekiti ni mzazi. Hilo peke yake lilinishangaza, maana kwetu mwenyekiti alikuwa anaketi pembeni kama mgeni mwalikwa na katibu ndiye anaendesha kila kitu.

Halafu kuna fedha. Ada ya shule za msingi ilifutwa wakati MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, inaanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, kisha Na. 3 wa 2016 ulioeleza elimumsingi bila malipo inatekelezwaje na nani ana wajibu gani. Tangu Januari 2016 ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja akaunti ya shule. Kiwango cha shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 ndizo zinazofika shuleni.

Sasa chukueni kalamu. Elfu sita gawa kwa miezi kumi na miwili ni Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yetu ina watoto 612. Kwa hiyo ni Sh 306,000 kwa mwezi.

Nilipoipata namba hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Ni fedha ambayo mzazi ana haki ya kuona imekwenda wapi, senti kwa senti. Na pia ni fedha ambayo ndani yake zinatakiwa chaki, karatasi za mitihani, bili ya maji, ukarabati na michezo, kwa watoto 612. Mzazi anayepiga kelele "mwalimu kala hela" bila kuijua namba hii hamsaidii mtoto wake. Na mjumbe anayenyamaza bila kuijua ndiye anayefanya watu wapige kelele.

Waraka unawataja wazazi pia. Sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu ya mtoto ni letu. Hatukuambiwa tukae tu. Kilichokatazwa ni kumrudisha mtoto nyumbani au kumnyima masomo kwa sababu ya mchango.

---

MwalimuMstaafu ameandika:

Dada yangu, umeeleza vizuri ila naomba niongeze upande wa pili. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na moja katika shule tatu. Katika muda wote huo ni mjumbe mmoja tu, baba mfuga kuku, aliyewahi kuniomba taarifa ya benki. Wengine walikuwa wanakuja wanakunywa soda. Mwalimu mkuu anaachiwa mzigo peke yake: ruzuku imechelewa, mtihani wa mwezi unatakiwa kuchapwa, afisa elimu kata anataka muhtasari mezani Ijumaa. Unaandika muhtasari haraka kwa sababu bila muhtasari huwezi kutoa hela. Sisemi ni sawa. Nasema kamati iliyolala inamfundisha mwalimu mkuu mazoea mabaya, hata aliyeanza na nia njema.

Jambo jingine, ajenda ya kwanza ya kila kikao ni kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita. Hapo ndipo mahali pa kusema "hili hatukukubaliana". Ukishathibitisha, umekwisha.

---

Mleta uzi:

Mwalimu shikamoo. Ulichosema ndicho kilichotuokoa, nilikuwa naelekea huko huko.

---

SEHEMU YA TATU: nilivyouliza

Kuna mtu ameniuliza inbox, "Uliwezaje kuuliza bila mtoto wako kuandamwa darasani?" Ni swali la kweli, na ndilo linalowanyamazisha wazazi wengi. Nitaeleza nilivyofanya mimi.

Kwanza sikwenda peke yangu. Nilimpitia mjumbe mwenzangu, mama mmoja wa kitongoji cha pili. Pili, hatukwenda na tuhuma. Tulikwenda na swali moja tuliloliandika kwenye karatasi ili tusipotoke: "Tunaomba kuona mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita, ili tukiulizwa na wazazi tujue la kujibu."

Mwalimu mkuu ni mtu mzima. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha viti. Aliposikia swali alinyamaza kidogo, kisha akafungua kabati akatoa faili. Ndani kulikuwa na vocha, stakabadhi na taarifa ya benki. Tulikaa karibu saa mbili. Mwenzangu alikuwa anasoma tarehe na kiasi, mimi naandika.

Tulichokikuta ni hiki. Miezi miwili ruzuku ilichelewa. Katika miezi hiyo mitihani ya darasa la nne na la saba ilichapwa kwa mkopo kwenye duka la steshenari pale sokoni, na karatasi ya deni ilikuwepo, ina mhuri wa duka. Chaki alinunua kwa hela yake na hakuwahi kujirudishia. Kulikuwa na malipo mawili ya usafiri yasiyo na stakabadhi, tukayaandika pembeni, akasema atayatolea maelezo kwenye kikao, na aliyatoa.

Kuhusu mchango wa mlinzi nikamwambia, "Mwalimu, siku ile hatukupitisha kiasi chochote." Akasema, "Ni kweli mama. Niliona mmekubali tatizo, nikaona na njia mmeikubali." Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Sikujiandaa kwa mtu kukubali.

Kikao kilichofuata, ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita ilipofika, nikanyoosha mkono. Sauti ilitetemeka, lakini nikasema. Mwenyekiti akauliza wajumbe kama wanakumbuka kutaja Sh 5,000. Hakuna aliyekumbuka. Muhtasari ukasahihishwa, mchango ukasimamishwa, suala la mlinzi likarudishwa kwa wazazi wote na serikali ya kijiji. Waliokuwa wameshalipa wakaorodheshwa kwa majina, wakarudishiwa. Zamu ya ulinzi ya kitongoji ikaongezewa njia ya kupitia shuleni usiku. Nondo hazijaibwa tena.

Yule bibi hakuwa amelipa. Alikuwa ameweka akiba Sh 7,000 kwenye kopo la maziwa. Alinionyesha.

---

Mchangiaji mwingine ameandika:

Mleta uzi una bahati. Huku kwetu kamati ni watu wa mwenyekiti wa kijiji, wanachaguana. Ukinyoosha mkono unaambiwa unaleta siasa. Kamati za shule ni kivuli tu, futeni.

---

Mleta uzi:

Ndugu yangu, nakuelewa na sitakudanganya kwamba kila shule itakwenda kama yetu. Lakini kwenye kufuta sikubaliani na wewe. Ukifuta kamati, zile 500 za kila mtoto hazifutiki, zinabaki bila mzazi hata mmoja wa kuzitazama. Na wanaochaguana wanachaguana kwa sababu mkutano mkuu wa wazazi huwa una watu thelathini katika shule ya watoto mia sita. Mkija mia mbili, hawachaguani.

Kuhusu mahudhurio kuna jambo dogo lilitusaidia sana. Vikao vyote vilikuwa saa nne asubuhi. Saa nne huku mtu yuko shambani au sokoni. Tukaomba mkutano wa wazazi uwe Jumamosi saa tisa alasiri, na barua zitumwe siku saba kabla zikiwa na ajenda. Walikuja akina mama ambao sijawahi kuwaona shuleni hata siku moja, wengine na watoto mgongoni. Mmoja akauliza swali la vyoo. Akasema binti yake akiwa kwenye siku zake haendi shule siku tatu, kwa sababu choo cha wasichana mlango hauna komeo.

Komeo, wakuu. Tulikuwa tumejadili matundu ya vyoo vikao viwili kwa takwimu, kwamba kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 na sisi tumepungukiwa. Takwimu ni za kweli na bado tumepungukiwa. Lakini hakuna mjumbe aliyewahi kutaja komeo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza mama wa msichana wa darasa la sita. Fundi alifunga makomeo manne Jumatatu yake. Mimi mwenyewe nina binti wa darasa la sita, na sikuwahi kumuuliza.

---

MzaziKutokaNakuru ameandika:

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka bodi ya usimamizi, na ndani yake wazazi sita wanachaguliwa kuwawakilisha wenzao. Mbali na hiyo kuna chama cha wazazi, na kila darasa lina mwakilishi wake. Mimi ni mwakilishi wa darasa la pili. Kazi yangu kubwa ni kuwajua wazazi wa darasa langu kwa majina. Mzazi akiwa na shida ananipigia mimi, haanzi na mwalimu mkuu. Nyinyi huko mna kitu kama hicho cha darasa?

---

Mleta uzi:

Karibu sana ndugu wa Nakuru. Katika baadhi ya mikoa hapa kulianzishwa UWW, ushirikiano wa wazazi na walimu, ambao unachukua wazazi wawakilishi wa kila darasa. Kwetu ulikuwepo kwa jina, ukalala. Tumeuamsha baada ya kuona tatizo la uji, na hapo naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu uji ndio ulionifanya nibaki kwenye kamati.

---

SEHEMU YA NNE: uji

Shule ilikuwa na uji kwa waliochangia. Saa nne kengele inapigwa, watoto wanapanga foleni na vikombe. Mwalimu wa zamu ana orodha. Asiye kwenye orodha anatoka kwenye foleni.

Siku moja nilikwenda kupeleka sare za kushona nikafika saa ya uji. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa darasa la kwanza amesimama karibu na tenki la maji. Kikombe chake cha plastiki, cha kijani, amekigeuza juu chini, amekishika kwa mikono miwili kifuani. Hakuwa analia. Alikuwa anawatazama wenzake wanavyopuliza uji. Kengele ilipogonga akaenda kwenye bomba, akajaza maji, akanywa, akaingia darasani.

Nilirudi nyumbani sikushona.

Tukapiga hesabu kwenye kamati. Mwaka wa masomo una siku 194. Debe moja la mahindi ni kama kilo 18. Gawa gramu 18,000 kwa siku 194, unapata gramu 90 na kitu kwa siku kwa mtoto mmoja. Kikombe cha uji hakimalizi gramu hizo. Maana yake ni kwamba debe moja kwa mwaka linamtosha mtoto na linabakiza cha kumpa asiye na debe. Wazazi walikuwa wanachangishwa Sh 3,000 kila mwezi wakati huku kwetu, msimu wa mavuno, kila nyumba ina mahindi na hakuna mwenye fedha.

Tukaitisha mkutano. Hesabu tukaiandika kwenye manila, tukaibandika ukutani, wazazi wakaihakiki wenyewe. Mzee mmoja alisimama akairudia kwa kijiti mchangani mpaka akaridhika. Makubaliano yakawa hivi: debe moja kwa mtoto, mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Sukari na kuni ni kwa zamu za vitongoji. Asiye na debe anakuja kusaidia kupukuchua au kuchota maji. Na kila mtoto anakunywa. Orodha ya mwalimu wa zamu ikaondolewa.

Mahindi yalipokelewa siku mbili. Wawakilishi wa madarasa ndio waliopima, si walimu, kwa debe lililokatwa mdomo sawa, hakuna kujaza kichuguu. Kila aliyeleta aliandikwa na kusaini. Stoo ina kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi wa zamu. Bila wote wawili haifunguki. Mwanzoni walimu walinung'unika kwamba hatuwaamini. Tukawaambia kufuli ya pili inawalinda wao, maana gunia likipungua hakuna atakayesema "mwalimu kabeba". Mwalimu wa chakula sasa ndiye anayempigia simu mzazi wa zamu akichelewa.

Hatukufanikiwa kila mahali. Watoto 612, tulipata madebe 471. Mwezi wa mwisho kikombe kilipungua. Kuna wazazi wenye uwezo ambao hawakuleta kabisa, na hilo linaniuma kuliko wasio nacho. Mwaka huu wawakilishi wa madarasa watapita nyumba kwa nyumba kabla ya mavuno.

---

BabaMwajiriwa ameandika:

Dada, mimi nafanya kazi Dar, familia iko mkoani. Siwezi kuhudhuria vikao. Nishiriki vipi zaidi ya kutuma hela?

---

Mleta uzi:

Kaka, muulize mama watoto au mlezi jambo moja kila mwezi: "Ubaoni wamebandika nini?" Taarifa ya mapato na matumizi inatakiwa iwekwe kwenye ubao wa matangazo. Kama ipo, apige picha akutumie, uisome. Kama haipo, mpigie mjumbe wa kamati umuulize kwa heshima kwa nini haipo. Mimi nina wazazi watatu walio mbali wanaonipigia hivyo kila mwisho wa mwezi, na nakuambia ukweli, wiki ile ya mwisho huwa naenda kuangalia ubao kabla simu haijaita.

Na kwa mjumbe mwenzangu yeyote anayesoma hapa: karatasi ya mahudhurio ikija, andika juu yake kwa mkono wako "MAHUDHURIO TU" na tarehe, kisha saini. Muhtasari omba usomwe kabla hamjatawanyika, hata kama ni wa ukurasa mmoja. Kiasi chochote cha fedha kitajwe kwa sauti na kiandikwe kikao kikiendelea. Mwalimu mkuu wetu sasa anafanya hivyo mwenyewe, anasoma kipengele kwa kipengele na anauliza, "Niliyoandika ndiyo mliyosema?"

---

TAARIFA YA MWISHO

Wengi mmeuliza tumefikia wapi. Ubao upo, mkabala na ofisi, umewekewa kibati juu kuzuia mvua. Jana nilipita kusoma. Ruzuku ya mwezi imeingia Sh 306,000, matumizi yako chini yake mistari tisa, wa mwisho ni balbu mbili za ofisi. Yule bibi alikuwa amesimama pale na mjukuu wake mkubwa, mtoto anamsomea mstari kwa mstari. Walipofika kwenye balbu akamwambia arudie bei.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi hii saa tisa alasiri. Ajenda ni madebe ya mavuno na matundu ya vyoo. Manila nimeshanunua, niko hapa nazichorea mistari.